Tromboni ya Mlangoni

Katika santuri zote alizopiga ami yangu, anasikika kwa mbali. Sisemi hivi kwa mfano; nasema juu ya umbali halisi, ambao mtu angeweza kuupima kwa hatua. Studio alizorekodia ujanani zilikuwa na maikrofoni moja katikati ya chumba, na wapigaji walipangwa kuizunguka kwa kadiri ya nguvu za vyombo vyao: mwimbaji karibu, magitaa nyuma yake, ngoma ukutani, na tromboni, ambayo kwa mpulizo mmoja ingeweza kuwafunika wote, mlangoni. Mlango uliachwa wazi. Mara nyingine aliambiwa arudi nyuma zaidi, akajikuta amesimama nje kwenye ujia, akiipigia jazi migongo ya wenzake.

"Huyo wa mbali ndiye mimi," alituambia tulipokuwa watoto, mwishoni mwa miaka ya sabini, nyumbani Timbwani, Likoni, ng'ambo ya feri, sindano ya gramafoni ikikwaruza. Tulisogeza masikio. Mwimbaji tulimsikia kama yuko chumbani pamoja nasi. Kisha, nyuma ya kila kitu, ikaja sauti mfano wa ng'ombe anayelia shamba la pili. Shangazi, dada yake, aliyekuwa akiishi nasi tangu afiwe na mumewe, hakukosa neno.

"Ami yenu alirekodiwa akiwa huku Likoni," alisema, "na bendi iko Mombasa. Feri ilimwacha."

Ami alicheka pamoja nasi. Nilikuwa na umri wa kutosha kugundua kwamba alikuwa wa mwisho kuanza kucheka na wa kwanza kunyamaza.

Uchungu huo ulikuwa na sababu ambayo niliielewa baadaye. Tromboni hakuianzia studio. Aliianzia barabarani, katika beni, zile bendi za tarumbeta zilizotangulia maandamano ya arusi. Na katika beni mpiga tromboni hutembea mstari wa mbele kabisa. Hapewi nafasi hiyo kwa heshima, bali kwa usalama: ule mkono mrefu wa chombo chake, unaosukumwa mbele na kurudishwa, ungemgonga kisogoni yeyote aliyemtangulia. Hivyo tangu ujana wake alizoea kuwa mtu wa kwanza kuonekana kona ya mtaa, watoto wakimtazama huku wakirudi kinyumenyume, wanawake wakimpigia vigelegele madirishani. Mchana alichomelea vyuma kiwandani Changamwe. Jioni za mwisho wa wiki alikuwa mbele ya watu. Kisha akaipenda jazi kwa kuisikiliza kwenye redio ya masafa mafupi, jazi ile ya kubuni palepale, si rumba ambayo bendi zetu ziliiandikia jina hilo ubavuni mwa ngoma, na ikawa kila alipokwenda kurekodi alirudishwa nyuma ya watu wote.

Safari yake ya kwanza ya kurekodi Nairobi ndiyo iliyomharibia jina. Huku pwani, mkono wa tromboni yake aliupaka mafuta ya nazi, yaliyotiwa mdalasini kidogo na shangazi ili yasivunde, nao uliteleza kama samaki. Hakuna aliyemwambia, wala hapa kwetu hakuna ambaye angekuwa na haja ya kujua, kwamba asubuhi ya Nairobi katika mwezi wa Julai huyageuza mafuta hayo kuwa nta. Alifungua mfuko wake studio, akavuta, mkono haukuja. Alivuta tena. Mwenye studio akatazama saa. Ami aliupiga wimbo mzima kwa noti zile tu ambazo mkono ulikuwa umegandia, akiupasha moto kwapani kila mwimbaji alipoimba. "Yule wa Mombasa," mwenye studio aliwaambia wenzake, "mwekeni mlangoni kwenye jua." Jua lilikuwa kisingizio cha siku hiyo, mlango ukawa wa maisha.

Nilipokuwa nikisomea kemia ningeweza kumweleza kisa hicho kwa nyuzi za joto, na niliwahi kujaribu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Basi," akasema, "si mkono wangu uliokuwa mzito." Ilionekana kuwa kwa miaka yote hiyo alikuwa na wasiwasi juu ya mkono wake.

Mimi mwenyewe nilirudi Timbwani mwanzoni mwa miaka ya tisini, katikati ya masomo ya shahada ya uzamili, baada ya moto kuzuka maabara na kumuunguza mwenzangu mikono yote miwili. Uchunguzi ulithibitisha kwamba mpira wa gesi ulikuwa umechakaa, na kwamba mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba. Niliyakubali matokeo hayo kwa akili. Mikono yangu haikuyakubali. Ilitetemeka. Nilikuja kupumzika kwa muda mfupi, na muda huo ukarefuka bila mtu kuniuliza. Nilikuwa nikienda jikoni kuhakikisha jiko limezimwa, nikirudi sebuleni, kisha nikijiuliza kama kweli nilikuwa nimelitazama au nilikuwa nimekumbuka kulitazama jana, na nikienda tena. Shangazi alinipisha njia bila neno. Siku moja tu alisema, "Mwanangu, jiko hilo lishajua uso wako."

Ami naye hakutulia. Alikuwa amestaafu kiwanda, na hoteli za pwani ya kusini, zilizokuwa zikimwita kuwapigia watalii, zilikuwa zimeanza kutumia kanda. Na meno yake ya mbele, ya juu, yalikuwa yakicheza. Mpiga tromboni hubana midomo juu ya meno hayo. Yakienda, sauti huenda nayo, au angalau sauti aliyoijua hurudi ikiwa ya mtu mwingine. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba yang'olewe kabla ufizi haujaoza. Ami aliomba muda. Alikuwa amesikia kwamba huko Mjambere, upande wa Kisauni, kijana mmoja aliyerudi kutoka Ghuba alikuwa amefungua studio katika chumba cha chini cha nyumba ya kupanga, na kwamba mashine yake ilichukua kila chombo peke yake, kwa wakati wake, na maikrofoni yake, kisha ikaviunganisha.

"Peke yake?" niliuliza.

"Peke yake. Hakuna nitakayemfunika wala wa kunifunika. Nitasimama karibu, mwanangu. Mara moja tu nisimame karibu, kisha wayang'oe, wayatie hata kwenye kikombe."

Wazee wenzake, mpiga besi na mpiga ngoma, walirekodi sehemu zao katikati ya mwezi wa Shaaban. Yeye hakuweza, kwa sababu wiki hiyo ufizi ulivimba akawa anakula uji. Ulipopoa, ilibaki siku moja tu ambayo kijana wa studio alikuwa na nafasi: siku ya thelathini ya Shaaban. Baada ya hapo ni Ramadhani, na Ramadhani vyombo huku kwetu hufunikwa shuka mpaka Idi. Meno hayangefika Idi. Daktari alikuwa amelisema hilo, na kioo kililisema kila asubuhi.

Niliona upungufu wa mpango huo mara moja, na nikajilaumu kwa kuuona. Siku ya thelathini ya Shaaban si siku ya kuahidiana. Ipo au haipo, kutegemea mwezi wa jioni iliyotangulia: ukiandama, Shaaban imekwisha na kesho ni kufunga, usipoandama, Shaaban hukamilisha thelathini. Nilimweleza Ami. Alisema anajua, yeye ni Mwislamu tangu kabla sijazaliwa.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa tulisimama darini pamoja na nusu ya mtaa, tukitazama magharibi. Palikuwa na wingu refu, jembamba, lililolala mahali palepale ambapo mwezi ungekuwa. Hatukuona kitu. Ami alishuka ngazi akipiga mluzi. Baada ya isha shangazi aliingia kutoka kwa jirani akiwa bado na buibui.

"Mwezi umeandama," akasema. "Redio imetangaza."

"Umeandama wapi?" Ami aliuliza.

"Huko walikouona."

"Hapa haukuonekana. Sheikh wa msikiti wetu amesema tukamilishe thelathini. Kila mji na mwezi wake."

"Na wewe lini umekuwa mtu wa kumsikiza sheikh kwa bidii hiyo?"

"Tangu magharibi ya leo."

"Wallahi," shangazi alisema, akivua buibui, "tromboni hiyo sasa yatoa fatwa."

Walilala hivyo, ndugu wawili, nyumba moja na miezi miwili. Alfajiri shangazi alikula daku peke yake, akakusanya vyombo kwa kelele zaidi ya kawaida. Wanavyuoni huiita siku ya namna hiyo siku ya shaka, na sijapata kuona siku iliyoitwa jina linalonifaa zaidi. Niliwaza kwamba nikila na wa redio wakiwa na haki, nitakuwa nimekula Ramadhani. Na sheikh wetu akiwa na haki, kufunga siku ya shaka nako kumekatazwa. Sikula, wala sikunuia kufunga. Nilibeba mfuko wa turubai wa tromboni nikamfuata Ami.

Kwenye feri muuza kahawa aliwamiminia waliokunywa na kuwaomba radhi wasiokunywa, na hakuna aliyegombana. Mjambere mambo yalikuwa tofauti. Mwenye nyumba ya studio, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri, alikuwa ameketi barazani na tasbihi yake, mbele ya mlango hasa. Tulimwamkia. Aliitikia vyema, akatuuliza hali za nyumbani, kisha akaugeukia mfuko.

"Na humo mna nini?"

"Tromboni, bwana wangu," Ami alisema.

"Leo?"

Kijana wa studio alitokea nyuma yake. "Leo ni thelathini Shaaban, mzee."

"Kwako. Kwangu ni mwezi mosi Ramadhani."

"Lakini mwezi haukuonekana Mombasa."

"Hukuuona wewe. Uliutafuta?"

Kijana alijikuna shingo. Jana magharibi alikuwa akikunja nyaya.

"Nyumba ni yangu na mwezi ni wangu," mzee alisema, bila ukali. "Ndani ya kuta hizi hakipigwi chombo mpaka Idi, inshallah."

Ami hakubishana. Aliinama kidogo, akafungua kinywa, akayagusa meno yake kwa ncha ya kidole, nayo yakayumba. "Hadi Idi haya hayapo," akasema.

Mzee alitazama kwa makini, kama mtu anayeonyeshwa bidhaa. "Pole sana, ndugu yangu," alisema, na nilimwamini. "Lakini nyumba ni nyumba."

Tulisimama pale. Nilikuwa tayari ninaipanga safari ya kurudi, na maneno ya kumwambia kwenye feri, na kuyakataa moja baada ya jingine, pale sauti ya mwanamke iliporuka ua wa makuti uliotenga nyumba ile na ya pili.

"Huku kwangu bado Shaaban! Na mahamri yangu yako motoni. Anayetaka kupiga aje apige, anayetaka chai aje anywe!"

Alikuwa mama mnene mwenye leso mbili, ambaye kwa dhahiri hakupitwa na neno tangu tulipobisha hodi. Kijana wa studio alimtazama mwenye nyumba. Mwenye nyumba alitazama ua.

"Uani kwake hakunihusu," akasema.

"Itabidi waya upite dirishani, mzee. Mashine itabaki ndani."

Mzee aliizungusha tasbihi punje kadhaa. "Waya haupigi kelele," akaamua.

Basi maikrofoni ikatoka. Ikapitishwa dirishani, ikavushwa juu ya makuti, ikawekwa kwenye uwanja wa yule mama kati ya banda la kuku na jiko la mawe. Kigingi cha kuishikilia hakikusimama kwenye mchanga. Kiliinama kila tulipokiachia. Kijana, akiwa dirishani na vidude vya kusikilizia masikioni, aliniambia niishike kwa mkono. Niliishika.

"Kuna mngurumo," akasema. "Nani atetemesha?"

"Ni mimi."

Mama wa mahamri alinisogelea. "Mbona watetemeka hivi, mwanangu? Umefunga?"

"Sijui," nilisema, na lilikuwa jibu sahihi kuliko yote niliyoyatoa mwaka huo.

"Hujui! Basi wewe wafunga kwa nyumba mbili." Alicheka hadi akajishika kiuno, kisha akaingia ndani, akatoka akiviringisha kinu. Tulikisimamisha kigingi ndani ya kinu, tukakikaza kwa makumbi ya nazi pande zote. Nikaachia. Hakikutikisika. Alilitoa karai motoni ili mafuta yasichachatike, akawafukuza kuku nyuma ya nyumba, akakaa juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi kama mtu aliye kwenye kiti cha mbele.

Ami alivaa vidude vya kusikilizia. Kijana alipaza sauti: "Tayari, ami?" Na Ami, kwa neno hilo tu, alirudi nyuma. Hatua baada ya hatua, bila kujua, mpaka mgongo wake ukagusa makuti ya ua.

"Ami, waenda wapi?" kijana aliuliza.

"Nakaa mahali pangu."

"Sogea mbele."

Alisogea kidogo.

"Sogea zaidi."

Alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. "Ana hakika huyu?"

"Ana hakika, Ami. Sogea."

Alisogea mpaka akakifikia kinu. Besi na ngoma za wenzake zilianza masikioni mwake. Mimi sikuzisikia, niliona mguu wake tu ukizihesabu. Alipiga noti chache, akasita ghafla.

"Nani anahema?" akauliza.

"Wewe, ami," kijana alisema. "Ni pumzi yako."

Alivuta pumzi nyingine, polepole, akaisikiliza. Nadhani katika maisha yake yote ya kurekodi hakuwa amewahi kujisikia akivuta pumzi. Kisha akaashiria kwa kichwa kwamba ianzishwe upya, na safari hiyo akapiga.

Sina ujuzi wa kueleza muziki, na nawashuku wanaoueleza kwa wepesi. Naweza kusema nilichokiona. Aliuanza wimbo chini, karibu kwa kunong'ona, jambo ambalo mtu wa mlangoni hana ruhusa nalo, kwani mlangoni lazima upige kwa nguvu ili usikike kidogo. Hapo alipiga polepole ili asikike sana. Mkono wa tromboni ulikwenda mbele na kurudi, ukipita kando ya kinu bila kukigusa. Katikati alianza kubuni, akapanda, akapanda tena, na kwenye noti ya juu kabisa niliona mdomo wake ukiteleza upande. Noti ilivunjika. Haikukosewa, ilivunjika vipande viwili, kama kikombe. Alivichukua vipande vyote viwili akashuka navyo hadi mwisho.

Kijana alizima mashine. Kisha dirisha la ghorofani, ambalo sote tulidhani limefungwa, likatoa sauti.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mzee," kijana aliitikia.

"Ile ya juu imevunjika."

"Naam, imevunjika," Ami alisema.

"Si mngeirudia?"

Kijana alitoa kichwa nje, akamtazama juu. "Mzee, si umesema ni Ramadhani?"

"Ni Ramadhani huku. Huko si Shaaban?"

Mama wa mahamri alijipiga paja. Ami pia alicheka, na alipocheka niliona wekundu kwenye meno yake. Alikipangusa kipulizio kwa leso, akaitazama leso, akaikunja ndani kwa ndani. Angeweza kurudia, angalau nilifikiri hivyo wakati ule, na nimeendelea kulifikiri suala hilo kuliko linavyostahili. Lakini alikwishaanza kukigeuza chombo amwage mate.

"Ibaki ilivyo," alisema. "Ndivyo nilivyo leo."

Meno yaling'olewa katika kumi la kwanza la Ramadhani. Shangazi hakumtania mwezi mzima. Alimsagia futari yake peke yake, katika bakuli dogo, bila kulizungumzia. Mimi niliilipa siku ile ya shaka kwa kufunga baada ya Idi, kwa tahadhari, kisha nikashuku tahadhari yenyewe.

Kaseti ililetwa siku ya pili ya Idi. Tulikuwa sebuleni, sahani za halua zikiwa bado mezani. Niliitia kwenye redio, nikahakikisha ni upande wenyewe, nikahakikisha tena. Besi ilianza, ngoma ikaingia. Kisha, kabla ya noti yoyote, ilisikika pumzi ya mtu, nzito, ya ndani, karibu mno hata shangazi akageuka kuangalia ni nani aliyeingia.

Tromboni ilikuja. Haikuwa mbali na kitu chochote. Nyuma yake kulikuwa na jogoo mmoja wa Mjambere, na hata huyo alikuwa mbali kuliko Ami.

Nilimtafuta kwa macho, sikumwona kitini. Alikuwa ameinuka wakati wa besi, akavuka chumba, na sasa alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja ujiani, mkono umefunika mdomo usio na meno. Noti ya juu ilikuwa ikikaribia. Alijua, nami nilijua.

"Rudi ukae," shangazi alimwambia. "Feri imeshakuvusha."

"Punguza kidogo," Ami alisema kutoka mlangoni, maneno yakimtoka kwa upepo. "Yasikika mno."

Shangazi aliusogeza mkono wake hadi kwenye kitufe cha redio, akaukalisha juu yake ili mtu mwingine asikifikie.

"Sipunguzi," akasema.